Simu ya Akron: walevi walivyoanza kutafutana

Jumamosi, 11 Mei 1935, Bill Wilson alikuwa kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli ya Mayflower, mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Biashara iliyomtoa New York ilikuwa imevunjika: yeye na wenzake walitaka kushika uongozi wa kampuni moja ya mitambo ya mpira, wakashindwa, wenzake wakarudi makwao. Mfukoni amebakiwa na kama dola 10. Upande mmoja wa ukumbi kuna baa, watu wanacheka. Upande wa pili kuna simu, na karibu yake orodha ya makanisa ya mji.

Wilson alikuwa na miaka 39, na miezi mitano hajagusa pombe. Tangu atoke hospitali ya Towns, New York, Desemba 1934, alikuwa akiwafuata walevi na kuwahubiria waache. Hakuna aliyeacha. Mkewe, Lois, ndiye aliyemfumbua macho kwamba katika mahangaiko yote hayo yeye mwenyewe alikuwa hajanywa. Sasa kiu imemkaba, na dawa anayoijua ni kumpata mlevi mwenzake azungumze naye. Akaenda kwenye simu.

Napenda msomaji alishike hili, maana watu wengi hudhani kikundi cha kuacha pombe ni mahali ambapo waliopona huwasaidia wagonjwa. Aliyepiga simu ile ndiye aliyekuwa na shida.

Kasisi Walter Tunks alimpa majina ya watu wa kuwaulizia. Simu moja baada ya nyingine haikuzaa kitu, mpaka akafikishwa kwa Henrietta Seiberling, aliyeishi katika nyumba ya lango la jumba la wakwe zake, Stan Hywet. Mama huyo alikuwa akimwombea rafiki yake, Bob Smith, daktari wa upasuaji ambaye pombe ilikuwa inammaliza. Alitaka wakutane siku ile ile, lakini daktari alikuwa amelewa chakari. Wakakutana kesho yake saa 11 jioni, Siku ya Mama. Smith alikuja na uchovu mkali wa pombe ya jana, akiwa amekubali kukaa dakika 15 tu. Waliachana baada ya saa 5 usiku.

Mawaidha Smith alikuwa ameyasikia ya kutosha, tena kutoka kwa watu waliompenda. Mgeni huyu hakumwonya. Alimsimulia habari zake mwenyewe: alivyokunywa, alivyoapa, alivyorudia. Smith aliteleza mara moja zaidi, aliposafiri kwenda mkutano wa madaktari Atlantic City. Aliporudi alikuwa na upasuaji wa kufanya na mikono inatetemeka, na Wilson akampa bia aitulize. Ilikuwa 10 Juni 1935. Bia ile ilikuwa ya mwisho hadi Smith alipofariki mwaka 1950, na Alcoholics Anonymous, yaani AA, huihesabu tarehe hiyo kuwa siku ya kuzaliwa kwake.

Mtu wa tatu walimpata kwa kumuuliza muuguzi wa hospitali ya mji kama ana mlevi wodini. Alikuwapo: wakili aliyewapiga wauguzi, amefungwa kitandani.

Kutafutana mtu kwa mtu kulikwenda polepole. Kitabu walichoandika kueleza njia yao ya kuacha pombe kilipotoka Aprili 1939, barua zilianza kuingia kwenye sanduku la posta New York, na katibu wao, Ruth Hock, akawa anazijibu. Kisha, Machi 1941, gazeti la Saturday Evening Post likachapisha makala ya Jack Alexander. Wanachama waliokuwa kama 2,000 wakafika karibu 8,000 mwisho wa mwaka. Mtu aliyeandika kutoka mji usio na kikundi, jina lake alipewa mwanachama mchuuzi atakayepita huko, akabishe hodi.

Mlango huo haukuwa wazi sawasawa kwa wote. Walioanza walikuwa karibu wote wanaume weupe. Mwanamke mmoja, Marty Mann, aliyefika kwenye kikao nyumbani kwa akina Wilson, Brooklyn, mwaka 1939, alikuta chumba cha wanaume. Watu weusi wa Washington waliunda kikundi chao mwaka 1945, na ni haki kazi yao ikumbukwe pamoja na ya Wilson na Smith.

Huku kwetu, Nairobi kuna vikao vya AA. Zanzibar, nyumba za upataji nafuu, ambazo watu huziita soba hausi, hufuata hatua 12 za AA, mwongozo wa kuacha pombe ulioandikwa na Wilson, ingawa wengi wanaoingia humo wametoka kwenye heroini.

Anayetafuta kikao leo aanzie kwa daktari, mshauri wa waraibu, au ofisi ya kanisa, maana vikao vingi hukodi kumbi za kanisa bila kuwa vya kanisa hilo. Hakuna kiingilio, na hakuna atakayemlazimisha kutaja jina lake kamili. Na kama mjini kwake hakuna kikao, kanuni ya AA inaruhusu walevi wawili au watatu wanaotaka kuacha pombe kukaa pamoja na kujiita kikundi, bila kuomba kibali kwa ofisi ya AA ya New York wala kwingineko.