Namna biashara zinavyoweza kusaidia mashirika ya hisani na kueleza umma bila majigambo

KILA ifikapo Desemba, magari yenye nembo za kampuni huonekana yakielekea katika makao ya watoto mayatima yakiwa yamesheheni unga, mchele, mafuta ya kupikia na blanketi. Wafanyakazi waliovalia fulana za rangi moja hucheza na watoto kwa saa mbili tatu, keki ikakatwa, picha zikapigwa mbele ya bango la hundi kubwa, kisha magari yakaondoka. Ifikapo Februari, wasimamizi wa makao hayo hayo huwa wanahangaika kutafuta karo, kodi ya nyumba na mishahara ya walezi.

Hakuna anayeweza kudai kwamba unga huo haukuwafaa watoto. Ila msaada unaopangwa kwa kalenda ya mfadhili badala ya mahitaji ya mpokeaji huwa na kasoro moja kubwa: hufika wote kwa pamoja na kukauka kwa pamoja.

Aidha, wengi wa wafadhili hao hawana habari kwamba sera ya nchi kuhusu makao ya watoto imebadilika. Mnamo Novemba 2017, serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya hisani ya watoto. Baadaye ukazinduliwa Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi ya Watoto wa kati ya 2022 na 2032, ambao unakusudia kuwarejesha watoto katika familia zao, kwa jamaa au kwa wazazi wa kambo walioidhinishwa. Sababu ni kwamba watoto wengi wanaoitwa mayatima huwa na mzazi au jamaa aliye hai, na kinachowatenganisha naye mara nyingi ni umaskini.

Kwa kampuni inayotaka kusaidia, mabadiliko hayo yana uzito. Fedha zinazojenga bweni jipya zinaweza kuwavuta watoto zaidi kutoka makwao, ilhali kiasi hicho hicho kingelipa karo ya watoto wanaoishi na nyanya zao, au kugharimia kituo cha kulea watoto mchana ili mama aende kibaruani. Kabla ya kuandika hundi, ni vyema kumtembelea afisa wa watoto wa kaunti ndogo na kuuliza ni nini hasa kinachokosekana. Ziara hiyo haigharimu chochote zaidi ya nauli.

Jambo la pili ni kumjua anayepokea. Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma, iliyopitishwa 2013, ilianza kutumika Mei 2024 na kuchukua mahali pa sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 1990. Vikundi vidogo vya mashinani, kama vile vya akina mama, vijana au watu wenye ulemavu, husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Hivyo basi, mfanyabiashara ana haki ya kuomba cheti cha usajili, majina ya maafisa, na akaunti ya benki iliyo kwa jina la kikundi. Nambari ya simu ya mwenyekiti si akaunti ya kikundi, hata mwenyekiti awe mwadilifu namna gani.

Kuna na suala la ushuru, ambalo wafanyabiashara wengi hulipuuza. Sheria ya Kodi ya Mapato huruhusu mchango uliotolewa kwa shirika la hisani lililosamehewa kodi kuondolewa katika mapato kabla ya kodi kukadiriwa, mradi masharti yatimizwe na stakabadhi ziwepo. Anayetoa kwa shirika lisilo na msamaha huo ametoa kwa moyo wake, lakini asitarajie nafuu kutoka kwa Mamlaka ya Ushuru.

Si lazima msaada uwe fedha. Kampuni ya uhasibu inaweza kukagua vitabu vya zahanati ya kanisa bila malipo kila mwaka, nayo kampuni ya uchukuzi ikabeba vitabu vya maktaba ya kijiji katika lori ambalo lingerudi tupu. Mwoka mikate mtaani anaweza kupeleka mikate katika shule ya watoto wenye ulemavu kila Jumatatu. Mikate ishirini kila juma kwa miaka mitatu humsaidia mwalimu mkuu kupanga bajeti yake, jambo ambalo mikate elfu moja ya siku moja haiwezi kufanya. Isitoshe, kikundi kinachoshona sare au kutengeneza sabuni huenda kikafurahia zaidi kupewa zabuni na kulipwa kwa wakati kuliko kupokea zawadi.

Suala gumu zaidi ni mawasiliano. Wapo wanaoamini kwamba mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue, na kwamba kampuni inayotangaza hisani imeigeuza kuwa biashara. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo, kampuni inayonyamaza kabisa huwanyima wateja na wafanyakazi wake nafasi ya kujiunga na juhudi hizo, na hulinyima umma nafasi ya kuuliza maswali.

Mfano ulio bora zaidi humu nchini ungali ule wa Julai 2011, wakati ukame ulipowatesa wakazi wa Turkana na maeneo mengine ya kaskazini. Wakfu wa Safaricom, Wakfu wa KCB, wamiliki wa vyombo vya habari na Shirika la Msalaba Mwekundu walianzisha mchango ulioitwa Kenyans for Kenya, kwa shabaha ya kukusanya Sh500 milioni katika muda wa wiki nne. Shabaha hiyo ilipitwa. M-Pesa, iliyokuwa imeanzishwa Machi 2007, iliwezesha mwenye shilingi chache kuchanga sambamba na shirika kubwa.

Ujumbe wenyewe ulikuwa mwepesi: kiasi kilichotakiwa, muda uliowekwa, na mahali msaada ulikokuwa ukienda. Jina la mchango halikubeba jina la kampuni yoyote, uamuzi ambao huenda uliwagharimu maafisa wa mauzo usingizi, lakini uliwafanya wananchi wauone mchango kuwa wao.

Mbio za Standard Chartered jijini Nairobi, zilizoanza 2003, zilifuata njia nyingine. Zilibeba jina la benki waziwazi, lakini kwa miaka mingi zikashikilia lengo moja, yaani matibabu ya macho ya watoto, kabla ya kugeukia kuwasaidia vijana kiuchumi. Mkimbiaji aliyelipa ada yake alijua inakwenda wapi. Kampuni inayosaidia macho mwaka huu, miti mwaka ujao na soka mwaka wa tatu haiwezi kutarajia mtu kukumbuka lolote.

Ahadi inayofungamanishwa na mauzo yahitaji uangalifu zaidi. Tangazo linalosema kuwa 'sehemu ya mapato itaenda kwa wasiojiweza' halisemi kitu. Mnunuzi anafaa kuelezwa ni shilingi ngapi kwa kila pakiti, ni shirika gani litakalopokea, kampeni itakwisha lini, na baadaye atangaziwe jumla iliyopelekwa, hata ikiwa ni ndogo kuliko ilivyotarajiwa.

Kuhusu picha, sheria imeshaweka mipaka. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na matumizi hayo yalinde maslahi yake. Mtoto anayepigwa picha akipokea sodo au viatu mbele ya darasa zima atakua, na picha hiyo itabaki mtandaoni. Picha ya darasa lililokarabatiwa, au ya seremala aliyetengeneza madawati, hueleza kazi iyo hiyo bila kumwaibisha yeyote. Maneno nayo yapimwe: wakazi waliochimba mtaro wa bomba kwa mikono yao hawakustahili kuitwa 'wapokeaji', walikuwa wabia.

Huko Pwani, kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza 1971 kupanda miti katika machimbo yaliyoachwa uchi baada ya mawe kuchimbwa. Dkt Rene Haller alijaribu aina 26 za miti, na ni tatu tu zilizostahimili, mvinje ukiwa mmojawapo. Majongoo wakaletwa kuyasaga majani makavu ya mvinje ili udongo upatikane. Kwa miaka mingi hapakuwa na la kupigia picha. Desemba 2004, kiboko mchanga aliyeokolewa Malindi alipelekwa katika bustani hiyo, akafanya urafiki na kobe mkongwe, na habari zao zikaenea duniani kote. Hakuna tangazo lililonunuliwa. Palikuwa na msitu tayari wa kumpokea.