Mkeka usio na mwenye kampuni: kutoka kuponi za Manchester hadi Augur

Leo siasa zipumzike kidogo.

Kuna hoja nimekuwa nikiisikia sana kwa vijana wenzangu, hasa wale waliosomea mambo ya kompyuta. Wanasema kubashiri mpira kwa sarafu za mtandaoni ni salama kuliko mkeka wa kawaida kwa sababu hakuna dalali. Hakuna kampuni, hakuna bosi, hakuna wa kutoroka na fedha zako. Mashine inashika, mashine inalipa, basi. Hoja tamu! Mimi si fundi wa kompyuta, lakini kazi hii ya gazeti imenizoesha kuuliza maswali mawili kila ninapoona fedha za watu wengi zimekusanywa mahali pamoja: nani anazishika, na nani ana neno la mwisho? Nikaona nichimbe historia ya huu mchezo wenyewe, maana mambo mengi tunayoambiwa ni mapya yana babu zake.

Twende Manchester, Uingereza, mwaka 1923. Vijana watatu waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya simu za maandishi, mmoja wao akiitwa John Moores, walichanga paundi 50 kila mmoja ili waanzishe mchezo wa kubashiri matokeo ya mechi kwa kuponi. Mwajiri wao hakutaka wafanyakazi wawe na biashara za pembeni (mnaifahamu hiyo), kwa hiyo walijificha nyuma ya jina Littlewood, ambalo mmoja wao alizaliwa nalo kabla ya kulelewa na ndugu na kubadili jina. Wakachapisha kuponi 4,000 na kuzigawa nje ya uwanja wa Old Trafford. Zikarudi 35. Wakajaribu tena mjini Hull na kuponi 10,000. Ikarudi moja. Ndiyo, moja! Wenzake wawili wakachoka, Moores akanunua hisa zao, akaendelea peke yake, na Littlewoods ikaja kuwa moja ya kampuni kubwa za familia Uingereza.

Lakini kilichonivutia zaidi ni namna fedha zilivyokuwa zikizunguka. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1920 ilikataza kubeti mpira kwa fedha taslimu. Wenye kuponi wakapata mlango wa nyuma: unatuma utabiri wako wiki hii kwa posta, fedha unazituma wiki inayofuata, mechi zikiwa zimeshachezwa. Yaani kampuni ndiyo iliyomwamini mchezaji! Leo hii nenda kaombe kuweka mkeka halafu ulipe Jumatatu uone watakavyokucheka.

Italia nako kuna hadithi ambayo mwandishi wa habari yeyote ataipenda. Massimo Della Pergola alikuwa mwandishi wa michezo kutoka Trieste. Alikuwa Myahudi, na wakati wa vita akakimbilia Uswisi na kuishi kambini. Huko kambini ndiko alikopata wazo la kikaratasi cha kubashiri, na yeye anatajwa kuwa ndiye aliyetuletea zile alama za 1, X na 2 ambazo kila mpiga mkeka wa Dar anazijua kuliko jina la mbunge wake. Karatasi za kwanza zilitoka Mei 1946. Zilichapwa milioni tano, zikachezwa kama 34,000 tu, na inasimuliwa kwamba zilizobaki walipewa vinyozi wafutie nyembe. Miaka miwili baadaye dola ikauona utamu wake, ikauchukua mchezo na kuuita Totocalcio.

Sasa njoo kwenye lile swali la pili, la nani anasema matokeo. Mtaniambia, "Si refa? Kipyenga cha mwisho kinalia, matokeo yapo ubaoni." Kwa kawaida ndivyo. Ila majira ya baridi ya mwaka 1963 Uingereza iliganda. Viwanja vilikuwa barafu tupu, mechi zikaahirishwa wiki baada ya wiki, na kwa Jumamosi tatu mfululizo kuponi zikafutwa. Wenye makampuni wakawa wanakosa fedha, wachezaji nao wakawa wanakosa starehe yao. Dawa waliyoipata ni ya ajabu mno. Tarehe 26 Januari 1963 walikusanya wazee kadhaa ndani ya chumba London wakaamua matokeo ya mechi ambazo hazikuchezwa. Mwenyekiti alikuwa mtu wa tabaka la juu, Lord Brabazon, na pamoja naye walikuwemo wachezaji wa zamani kama Tom Finney, Tommy Lawton, Ted Drake na George Young, na refa Arthur Ellis. Wakatoa matokeo ya mechi 38: ushindi wa nyumbani 23, ushindi wa ugenini 8, sare 7. Yakatangazwa, na watu wakalipwa kwa mechi ambazo hakuna mguu uliogusa mpira!

Mnacheka, lakini fikirini. Mamilioni ya watu walikubali. Kwa nini? Kwa sababu walijulikana ni akina nani waliokaa kwenye kile chumba, na kila mtu alikuwa na wa kumlaumu.

Turuke miaka hamsini. Intaneti imekuja, na kuponi zimegeuka kuwa "masoko ya ubashiri", ambapo hununui tiketi bali hisa ya jibu. Jambo likitokea hisa inalipa, lisipotokea inakuwa takataka. Moja ya masoko yaliyovuma lilikuwa Intrade la Dublin, Ireland. Machi 2013 likasimamisha biashara ghafla na kusema kuna mambo ya fedha yanayotakiwa kuchunguzwa. Wateja wakabaki wanatazama kioo cha kompyuta. Swali la kwanza hilo, nani anashika fedha, limerudi kwa kishindo.

Hapo ndipo wanapoingia mashujaa wa wale marafiki zangu. Mwaka 2014 Jack Peterson na Joey Krug wa Marekani walianza kujenga kitu walichokiita Augur. Jina hilo ni la makuhani wa Roma ya kale waliotabiri mambo kwa kutazama ndege wanavyoruka, kwa hiyo wenyewe walijua wanacheza na nini. Waliijenga juu ya Ethereum, mtandao wa blokcheni ulioanza kazi Julai 2015. Kwa ambao hawajalifuatilia jambo hili, blokcheni ni daftari la hesabu ambalo nakala yake iko kwenye maelfu ya kompyuta kwa wakati mmoja, hivyo hakuna mtu mmoja anayeweza kufuta mstari. Ethereum iliongeza uwezo wa kuandika mikataba ndani ya daftari hilo, mikataba inayojitekeleza yenyewe bila wakili wala hakimu. Fedha yake inaitwa etha.

Mwaka huo huo wa 2015 waliuza tokeni zao, zilizoitwa REP, wakapata zaidi ya dola milioni tano. Kisha kazi ikaanza kwenda kwa mwendo wa kinyonga. Majaribio, kuandika upya programu kwa lugha nyingine, tundu la usalama lililogunduliwa mwaka 2017 na kuwalazimu kuhamisha tokeni zote. Augur ilipofunguliwa rasmi tarehe 9 Julai 2018, Kombe la Dunia kule Urusi lilikuwa limebakiza mechi nne tu: nusu fainali mbili, mshindi wa tatu na fainali. Mechi 60 zilishapita! Hata hivyo soka ndiyo iliyowaletea watu wa mwanzo, maana wiki ile ulimwengu ulikuwa na jambo moja tu la kubashiri.

Ilikuwa inafanyaje kazi? Tuseme wewe unaamini Ufaransa itachukua kombe na mimi naamini Croatia. Wewe unaweka etha 0.6, mimi naweka 0.4. Jumla etha moja inafungiwa ndani ya mkataba. Mimi siishiki, wewe huishiki, hata Krug na Peterson hawaishiki. Ufaransa ikishinda, etha moja ni yako, ukiondoa makato. Mwanzoni waundaji walibaki na swichi ya dharura ya kuzima mambo, na wiki mbili hivi baada ya uzinduzi wakaiharibu kabisa ili hata wao wasiweze. Swali la kwanza hapo limejibiwa, na mimi nawavulia kofia.

Bado la pili. Tarehe 15 Julai, uwanja wa Luzhniki, Moscow, Ufaransa 4, Croatia 2. Mandžukić kajifunga, Griezmann kapiga penalti baada ya refa kwenda kutazama video, Pogba, Mbappé, yote mliyaona. Mkataba wa kompyuta haukuyaona. Hauna macho, hauna televisheni, haujui Pogba ni nani. Ni lazima mtu auambie. Kwenye Augur, anayefungua soko humteua mtoa taarifa, ambaye ana siku tatu za kutangaza jibu. Baada ya hapo kinafunguliwa kipindi cha pingamizi cha hadi siku saba. Anayeona jibu ni la uongo anaweka REP zake rehani kulipinga, mwingine anaweza kuweka zaidi kulitetea, na mvutano ukifika juu kabisa mfumo mzima unaweza kupasuka pande mbili. Anayebainika kusema uongo anapoteza alichoweka.

Kwa hiyo wakati mpiga mkeka wa kawaida anaweza kuwa ameshalipwa usiku ule ule, mshindi wa Augur aliweza kusubiri zaidi ya wiki moja ili daftari likubali jambo ambalo dunia nzima ililishuhudia. Na walioliamua ni watu, jamani. Watu wenye REP. Ni kile chumba cha London cha 1963, isipokuwa safari hii huyajui majina ya waliokaa mezani, na uzito wa kauli ya kila mmoja unapimwa kwa kiasi cha tokeni alizonazo.

Fainali ilikuwa rahisi kwa kuwa iliisha ndani ya dakika 90. Ila chukua safari ya Croatia kufika pale. Denmark waliwatoa kwa penalti. Urusi wakawatoa kwa penalti. England wakawafunga 2-1 katika muda wa nyongeza. Hatua ya mtoano, Croatia haikushinda mechi hata moja ndani ya dakika 90! Wazoefu wa mikeka wanajua maumivu ya hilo, maana 1X2 huhesabu dakika 90. Sasa mtu akiandika swali, "Je, Croatia itaifunga England?" bila kusema dakika ngapi, jibu ni lipi? Augur ilikuwa na jibu la tatu kwa maswali mabovu: soko linatangazwa batili na fedha zinagawanywa sawa kwa sawa. Hapo wajanja wakaona ulaji. Unaandika swali lenye kasoro makusudi, unanunua kwa bei chee ule upande ambao kila mtu anajua utashindwa, tuseme kwa 0.05, soko likitangazwa batili unarudishiwa 0.5. Haikuwa nadharia tu. Moja ya masoko makubwa kabisa ya Augur mwaka ule, kuhusu chama kitakachodhibiti Bunge la Wawakilishi la Marekani baada ya uchaguzi wa Novemba, liliingia kwenye ubishi kwa sababu tarehe yake ya mwisho ilikuwa 10 Desemba ilhali bunge jipya lilikuwa linaanza 3 Januari 2019. Uchaguzi umeisha, mshindi anajulikana, watu wanabishania kalenda.

Kulikuwa na mabaya zaidi. Kwa kuwa hakuna wa kuomba ruhusa kwake, ndani ya wiki chache yalifunguliwa masoko ya kubashiri kama watu mashuhuri, Rais Donald Trump akiwa mmoja wao, watakufa kabla ya mwaka kwisha. Nani afunge duka lisilo na mwenyewe? Mimi hapo ndipo ninapoachana kabisa na wale wanaosema kukosekana kwa bosi ni faida tupu. Bosi ni mtu wa kushitakiwa.

Wachezaji je? Tarehe 10 Julai 2018, siku ya Ufaransa na Ubelgiji, Augur ilitumiwa na watu 260 na ushee. Mwezi mmoja baadaye kwa siku walikuwa hawafiki 40. Mwenye kumkumbuka Moores na kuponi zake 35 asicheke haraka, ingawa Moores hakuwa na dola milioni tano mfukoni.

Na kuna jambo dogo ambalo matangazo hayakuwa yakilisema kwa sauti. Fedha iliyofungiwa ilikuwa etha yenyewe. Siku ya fainali etha moja ilikuwa na thamani ya dola 450 hivi. Katikati ya Desemba 2018 haikufika 100. Aliyeipatia Ufaransa, akashinda ubishi wote na kuziacha etha zake humo humo, alikula hasara akiwa mshindi.

Augur ya pili ilitoka Julai 2020, ikiruhusu kutumia sarafu iliyofungwa na dola. Mwaka 2021 wakatoa nyingine iliyoitwa Augur Turbo, ya haraka zaidi, kwa ajili ya michezo. Huko mambo ya siku saba za pingamizi na wenye REP kupiga kelele yakawekwa kando. Matokeo ya mechi yakawa yanaletwa kwenye mkataba kupitia Chainlink, kutoka kwa watoa takwimu za michezo, wenye ofisi na wafanyakazi wanaotazama mechi na kuandika nani kafunga.