Wasiwasi wa udhu

Wasiwasi wa udhu ni sura mojawapo ya ugonjwa wa akili unaomwandama mtu kwa mawazo asiyoyataka, kisha ukamlazimisha kurudia tendo fulani ili moyo utulie. Mgonjwa huosha miguu, akashuku kwamba maji hayakufika kisiginoni, akaanza upya tangu viganja. Imamu anatoa salamu, yeye bado yuko bombani. Mara nyingi anajua fika kuwa anapita kiasi, na hapo ndipo penye mateso. Si upungufu wa imani, wala si uchaji uliozidi. Nafuu aipatayo kwa kurudia haidumu, na kila marudio huupa ugonjwa nguvu.

Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliyahesabu mawazo ya namna hii kuwa maradhi ya nafsi yenye tiba. Mwaka 1966, Victor Meyer wa London alichapisha mbinu ya kumkabilisha mgonjwa na anachokihofia huku akizuiwa kurudia. Mbinu hiyo na dawa kama fluoksetini ndizo tiba kuu leo. Jamaa wanaomhakikishia kila mara kwamba udhu wake umetimia, hata kwa nia njema, humzidishia.