Colt Python: Mchuma wa 1955 Uliorudi na Jina Lilelile

Kama ulicheki The Walking Dead, tayari unaijua Colt Python. Ni ile rivolva kubwa ya kung'aa Rick Grimes anatembea nayo akimaliza mazombi.

Kampuni ya Colt ya Marekani iliitoa 1955. Inabeba risasi 6 za .357 Magnum, na juu ya mtutu kuna matundu marefu ambayo wanaojua mambo wanayatambua wakiwa mbali. Lakini heshima yake ilitoka kwa mafundi. Vyuma vya ndani vilikuwa vinasuguliwa na kuwekwa kwa mkono, kimoja kimoja, hadi ukivuta triga hakuna kukwama popote. Nje nayo, ile rangi ya Royal Blue ilikuwa inasuguliwa mpaka unajiona uso. Kioo kabisa.

Sasa kazi ya mkono ni doo mob. Polisi wa Marekani wakahamia bastola za magazini, raia wakafuata, na kufikia katikati ya miaka ya 2000 Python haikuwa inatengenezwa tena. Hapo wenye kukusanya silaha za zamani wakaanza kuzing'ang'ania, bei ikaruka. Colt yenyewe haikuonja hiyo ganji, juu zilikuwa zinauzwa mtu kwa mtu. 2015 kampuni ikaenda kortini kuomba kinga ya kufilisika.

Dawa ikawa kufufua majina ya nyoka. Cobra ilirudi 2017, King Cobra 2019, halafu Januari 2020 Python yenyewe, bei ya kuanzia dola 1,499. Anaconda ikafuata 2021, mwaka uleule kampuni ya CZ kutoka Czech ilinunua Colt.

Hii mpya si kopi ya ile ya babu. Ilirudi ikiwa ya chuma kisichoshika kutu, sehemu za ndani zimechorwa upya, na mashine inafanya kazi nyingi ya fundi. Kwangu, ya kulenga shabaha wikendi, mpya inatosha sana. Lakini anayesaka historia asidanganywe na jina kwa mtutu, ni lilelile kwa zote mbili. Aulize mwaka na namba ya usajili kabla ya kutoa pesa.

Na wewe msee wa Nairobi, usipate mawazo: bila cheti cha Firearms Licensing Board, hata ile ya 1955 iliyolala kwa kabati ni kesi.