Deni la Madubwana

Mwanzoni mwa Monsters vs. Aliens, filamu ya katuni ambayo studio ya DreamWorks Animation iliitoa Machi 2009, mfanyakazi wa kituo cha kufuatilia anga anacheza na kibao chenye mpira uliofungwa kwa uzi wa raba. Anaupiga, nao unamrukia mtazamaji usoni. Watoto hucheka. Sisi tunaochora katuni kwa kompyuta tunaona hapo salamu kwa wazee wa kazi: mwaka 1953, katika House of Wax, mpiga debe wa jumba la sanamu za nta alicheza mchezo huohuo mbele ya watu waliovaa miwani ya pande tatu. Aliyeongoza filamu ile, André de Toth, alikuwa na jicho moja tu. Kina ambacho watazamaji walilipa kukiona, yeye hakuweza kukiona, kwani ubongo hukipata kwa kulinganisha picha za macho mawili.

Wimbi la filamu za pande tatu la miaka hiyo liliibuliwa na kisa cha kwetu. Mimi ni mzaliwa wa Voi, na simba wawili wa Tsavo waliowashambulia wajenzi wa reli mwaka 1898 nilisimuliwa kabla sijajua kusoma. Arch Oboler alikichukua kisa hicho, akawapiga picha waigizaji wake katika vilima vya California, na Novemba 1952 akaonyesha Bwana Devil mjini Los Angeles. Wakosoaji waliiponda, watu wakapanga foleni. Televisheni ilikuwa imewaweka Wamarekani nyumbani, na wenye kumbi walitafuta kitu ambacho sanduku lile dogo halingeweza kukitoa.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Projekta mbili zilimulika skrini moja ya rangi ya fedha, kila moja ikibeba picha ya jicho lake, huku vichujio vya kijivu kwenye miwani ya karatasi vikilipa kila jicho haki yake. Mkanda mmoja ukikatika na fremu mbili zikapotea, ilibidi fremu zilezile zikatwe kwenye mkanda wa pili, la sivyo watu walitoka wakiumwa kichwa. Kumbi nyingi zililegea, na kufikia 1955 wimbi lilikuwa limetulia.

Ila miaka hiyo ya mabomu ya nyuklia na uvumi wa visahani virukavyo ilikuwa imezaa madubwana, na wahusika wa 2009 ni wajukuu wao. B.O.B., donge la buluu lisilo na ubongo, ametokana na The Blob ya 1958, ambayo dubwana lake lilikuwa silikoni iliyotiwa rangi nyekundu. Dkt. Cockroach, msomi mwenye kichwa cha mende, ni wa ukoo wa The Fly, ya mwaka huohuo. Susan, bi harusi wa Modesto aliyeangukiwa na kimondo akakua hadi karibu futi 50, anatoka kwenye Attack of the 50 Foot Woman, nayo ya 1958.

Missing Link, nusu samaki nusu nyani, ana damu ya Creature from the Black Lagoon ya 1954. Dubwana wa filamu hiyo ndiye ninayemuenzi kuliko wote. Umbo lake lilibuniwa na Milicent Patrick, ambaye jina lake halikuandikwa kwenye filamu. Ricou Browning alivaa vazi lile chini ya maji huko Florida bila mtungi wa hewa, akibana pumzi mpaka kamera izimwe.

Waongozaji wa Monsters vs. Aliens, Rob Letterman na Conrad Vernon, walipewa zana nyingine. Hii ilikuwa filamu ya kwanza ya studio yao kutengenezwa kwa pande tatu tangu mwanzo: kamera mbili ndani ya kompyuta, picha 48 kwa sekunde badala ya 24. Umbali kati ya kamera hizo ndio ufundi wenyewe. Zikitengana mno, jitu huonekana kama mwanasesere. Zikikaribiana, ukubwa wake hurudi. Ndiyo maana mchoraji hupima upya kila tukio.

Ninaipenda filamu hii kwa sababu inalipa deni. Madubwana wa zamani waliuawa ili watazamaji walale kwa amani. Hapa serikali iliyowafungia inawaomba msaada dhidi ya mvamizi Gallaxhar, nao wanapewa majina, urafiki na ushindi.

Deni la Bwana Devil bado halijalipwa. Tangu mwindaji wa simba hao, J. H. Patterson, achapishe kitabu chake mwaka 1907, Wahindi na Waafrika waliouawa Tsavo wamebaki kuwa chambo katika hadithi ya mwindaji Mzungu. Hata simba wenyewe wana makao, kwenye Field Museum, Chicago. Nasi tunaochora Afrika Mashariki tunazo kompyuta na kamera mbili zilezile. Kisa kile tukisimulie kutoka kambini kwa vibarua, kwa lugha zao, na kila mmoja wao awe na jina.