Mche Ulioingia Ndani

Bangi ni mmea wa jua. Kwa maelfu ya miaka watu wa Asia waliupanda mashambani kwa ajili ya nyuzi, mbegu na ulevi. Hata jina letu, bangi, lilivuka Bahari ya Hindi kutoka Bara Hindi. Kuuotesha chumbani, chini ya taa, ni jambo la juzi tu, na waliolisukuma zaidi ni polisi.

Mwaka 1983 ilianza kampeni ya CAMP katika jimbo la California, Marekani. Helikopta ziliruka juu ya milima ya Humboldt na Mendocino zikisaka mashamba, askari wakashuka kung'oa. Wakulima wengi wakahamia kwenye magereji na vyumba vya chini ya nyumba. Badala ya jua wakatundika taa za sodiamu, zile zile za rangi ya chungwa zinazomulika barabara. Humo ndani mkulima aliamua mwenyewe urefu wa siku: kwa mwanga wa saa 18 mmea unazidi kukua, ukipunguza hadi saa 12, unatoa maua. Majira yakawa swichi ukutani. Serikali haikuchoka. Mwaka 1989, katika Operation Green Merchant, ikayavamia hata maduka ya taa na vifaa vya bustani.

Historia hii niliikuta jikoni kwetu Leipzig, ninakosomea shahada ya uzamili. Tangu Aprili 1, 2024, sheria ya Ujerumani inamruhusu mtu mzima kuotesha mimea 3 nyumbani kwake. Mwenzangu wa nyumba, ambaye hajawahi kupanda hata mchicha, akaweka vikopo 3 dirishani. Miche ikarefuka kama nyuzi ikikifuata kioo, kisha mmoja ukaoza shina kwa maji mengi. Akanunua taa. Akajifunza kuisogeza karibu, na kuacha udongo ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena. Kwake hayo ni mambo ya bustani. Mimi nikiyasikia nawakumbuka waliojifunza hayo mapazia yakiwa yamefungwa, wakisikiliza mlango.

Tanzania, nilikotoka, mahakama zimewafunga watu miaka 30 kwa mmea huu. Kijana wa jirani yetu ni mmoja wao. Alikutwa na shamba dogo nyuma ya mahindi. Mama akipiga simu ya video nahamia upande wa pili wa meza, nyuma yangu ubaki ukuta mtupu. Tunasalimiana, ananiuliza kama nimekula, kisha ananipa habari za mtaa. Juzi alikuwa ametoka kumjulia hali mama wa yule kijana. Bibi yule, anasema, sasa anahesabu kwa vidole: mwanawe aliingia akiwa na miaka 23, atatoka na 53.