Kanzidata ya zamu

Ingia kwenye seva ya Debian inayokusanya vipimo kwa programu ya ufuatiliaji ya Munin, fungua folda zilizo ndani ya /var/lib/munin, na utakuta mafaili chungu nzima yenye herufi rrd mwishoni mwa majina yao. Hili la nafasi ya diski, lile la mzigo wa prosesa, jingine la data zinazopita kwenye kadi ya mtandao. Yatazame leo, uyatazame tena mwakani: ukubwa wa kila faili ni uleule, ingawa kila baada ya dakika 5 kuna kipimo kipya kilichoandikwa humo.

Rrd ni kifupi cha jina la Kiingereza, round-robin database. Database tunayo: wengine husema hifadhidata, wengine kanzidata, nami nachukua kanzidata kwa kuwa ni fupi. Tabu iko kwenye round robin. Mfasiri akikimbilia kamusi atarudi na ndege mdogo mwenye kifua chekundu, na ndege hahusiki kabisa. Zamani mabaharia wa Kiingereza wakiandika barua ya malalamiko walitia saini zao kwa kuzunguka duara, ili nahodha asijue nani aliyeanza akamwadhibu huyo. Baadaye jina likaingia michezoni, kisha kwenye kompyuta, likiwa na maana ya kupeana zamu.

Wengi wangeandika kanzidata ya mzunguko. Silipendi jina hilo. Mzunguko una kazi nyingi tayari, wa damu, wa fedha, wa ligi, na hapa ungemfanya msomaji adhani kwamba data ndizo zinazozunguka. Hazizunguki. Siku faili linapoundwa, nafasi zake zote hutengwa papo hapo. Kinachotembea ni alama inayoonyesha nafasi ipi inaandikwa sasa. Ikifika ya mwisho hurudi ya kwanza, na kipimo kilichokuwepo pale hufutika kwa kuandikwa kingine juu yake. Ni mambo ya upatu: idadi imefungwa, zamu zinajulikana, mwisho wa orodha ni mwanzo wake. Ila hapa, zamu ikikifikia kipimo cha zamani, hakipokei chochote, kinaondoka.

Fundi aliyeitengeneza kanzidata hii ya zamu ni Tobias Oetiker, Mswisi. Katikati ya miaka ya 1990 alikuwa Chuo Kikuu cha De Montfort, Leicester, ambako chuo kizima kilitegemea laini moja ya intaneti ya kilobiti 64 kwa sekunde, na kila mtu alitaka kujua imelemewa kiasi gani. Akaandika MRTG, programu ya kuchora grafu ya laini hiyo. Namba zake zilikaa kwenye faili la maandishi lililoandikwa upya kila kipimo kilipoingia. Kwa laini moja hakuna shida. Kwa mamia, diski inahema. Mwaka 1999 akatoa RRDtool, ambayo hugusa nafasi zinazohitajika tu na kuacha sehemu nyingine ya faili ilivyo. Munin, Cacti na Ganglia zote zikaichukua.

Sasa, faili moja lina majalada kadhaa, na kila jalada lina zamu zake. Munin kwa kawaida huweka nafasi 576 za dakika 5, yaani siku 2. Nafasi 432 za nusu saa, siku 9. Nafasi 540 za saa 2, siku 45. Na nafasi 450 za siku nzima. Kila ngazi ina wastani, kiwango cha chini na kiwango cha juu. Namba moja hula baiti 8, kwa hiyo kumbukumbu ya zaidi ya mwaka haifiki hata kilobaiti 50.

Unafuu huo una bei. Tuseme saa 8 usiku prosesa ilifika asilimia 100 kwa dakika 5, na muda mwingine wote ilikuwa asilimia 10. Kwenye jalada la kwanza utauona mnara. Kwenye wastani wa nusu saa umebaki asilimia 25, kwenye wa saa 2 karibu 14, na kwenye wastani wa siku ni 10 na kitu. Miezi miwili baadaye bosi akiuliza usiku ule kulitokea nini, grafu ya wastani itaapa kwamba hakukutokea kitu. Ndiyo maana mstari wa kiwango cha juu usiuondoe kwenye grafu kwa kuona unachafua sura: humo ile 100 bado ipo.

Seva ikizimika, nafasi zake haziandikwi sifuri bali haijulikani, na grafu huonyesha pengo. Hapo Oetiker alifikiri sawasawa.

Prometheus, inayotumika sana siku hizi, haifuati utaratibu huu. Huandika vipimo katika vipande vya saa 2, haivipigi wastani, na usipoiagiza vinginevyo, vikipita siku 15 hutupa kipande kizima. Faili zake hukua kadiri seva zinavyoongezeka. Iite kanzidata ya mfululizo wa wakati, jina pana linaloifaa hata RRDtool, lakini usiiite ya zamu: fundi akilisikia jina hilo atatenga diski mara moja na kwenda zake, na diski itajaa.